Ua wa Msaipresi Ukigeuka Kahawia

Ua wa msaipresi ukianza kukauka, wakazi wengi wa mitaa ya Nairobi kama Karen, Lang'ata na Runda hukimbilia duka la dawa za kilimo. Subiri kidogo. Panua matawi kwa mikono uchungulie ndani, kule kwenye kivuli karibu na shina, maana mara nyingi ugonjwa huanzia huko na kufika nje ukiwa umechelewa.

Ukikuta vidukari wakubwa wa rangi ya udongo, wenye unga wa kijivu mgongoni, huku sisimizi wakipanda na kushuka, umeshajua chanzo. Vidukari hawa hufyonza utomvu, na mate yao huua kijitawi hata wakiwa si wengi sana. Chini yao utaona majimaji yanayonata, kisha ukungu mweusi. Walionekana Malawi mwaka 1986 na kufika Kenya 1990, wakaharibu mashamba makubwa ya misaipresi. Katika muongo huo aliletwa nyigu mdogo anayetaga mayai ndani ya miili yao. Ndiyo maana sipendi watu wanyunyize sumu ovyo: inamuua nyigu pia.

Ikiwa hakuna vidukari, angalia gome. Likipasuka na kuvuja utomvu, huenda ni kuvu. Kuvu hiyo ndiyo iliyofanya msaipresi wa California uachwe katika mashamba ya misitu nchini, nafasi yake ikachukuliwa na ule wa Mexico na Guatemala tunaouona kila mahali leo.

Lakini nyua nyingi, kusema kweli, zimeharibiwa na panga. Msaipresi hauchipui kwenye tawi kuukuu lisilo na majani. Ukikata hadi kwenye kahawia, pengo hilo halizibiki. Kata ncha za kijani tu, kidogo kidogo na mara kwa mara, na uache chini pawe papana kuliko juu ili jua lifike. Penye upara tayari, panda upya.

Anayepanda upya afikirie mtarakwa, wa ukoo huo huo, tena wa kwetu. Mbao zake zilichongwa penseli, na nguzo zake hazisumbuliwi sana na mchwa. Badala ya koni ngumu huzaa vitunda vya buluu ambavyo ndege huvila. Hukua polepole, kwa hivyo mwenye haraka hataupenda. Vidukari wale wale huushambulia pia, basi uchunguze kwa namna hiyo hiyo.