Viputo vya Dunga si dalili ya mlipuko
Viputo vikipanda kati ya magugumaji pale Dunga, Kisumu, hakosi mtu wa kusema Ziwa Victoria limejaa gesi kama Ziwa Kivu, lililo mpakani mwa Rwanda na Kongo, na siku moja litalipuka. Gesi ipo kweli: ni metheni, ile ile ya bayogesi, inayotolewa na vijidudu kwenye tope lisilo na oksijeni. Ila Kivu lina kina cha karibu mita 480, na maji yake ya chini, mazito kwa chumvi, hayachanganyiki na ya juu. Metheni hurundikana humo ikiwa imeyeyuka, imebanwa na shinikizo. Rwanda huivuta ikazalisha umeme. Victoria halifiki hata mita 100, na upepo hulikoroga kila mwaka. Metheni yake huliwa na bakteria au hutorokea hewani. Anayeota mtambo wa gesi Kisumu, pole yake.