Je, wajua kwa nini jagi la Kijapani lina mkono wa Kiingereza?

Kikombe cha chai cha Kijapani hakina mkono. Hushikwa kwa viganja, na buli lake huwa na mpini uliochomoza ubavuni au upinde uliopita juu ya kifuniko. Basi ukiingia kwenye maonyesho ya ufinyanzi wa Japani na Uingereza ukakuta jagi la Shimane, mkoa wa Japani, lenye mkono mpana, bapa, uliopinda kama wa majagi ya zamani ya mashambani Uingereza, usidhani limepotea meza.

Chanzo ni St Ives, mji wa wavuvi huko Cornwall. Mwaka 1920 Bernard Leach, Mwingereza aliyeonjeshwa ufinyanzi Tokyo mwaka 1911, alifungua karakana hapo pamoja na mfinyanzi wa Kijapani Hamada Shoji. Leach alikuwa mchoraji; aliyesomea chuoni kemia ya udongo na ya glezi (rangi ya kioo inayopakwa juu ya chombo) ni Hamada, jambo linalosahaulika kila Leach anapoitwa mwalimu.

Joko lao la kwanza, yaani tanuri la kuchomea vyombo, halikufaa. Mwaka 1922 akaja Matsubayashi Tsurunosuke, wa ukoo wa wafinyanzi wa Uji (mji karibu na Kyoto, si wa kunywa), akalijenga upya: vyumba vitatu vilivyopandana kama ngazi. Moto huwashwa chini, na joto linalotoka chumba cha kwanza hupasha cha pili badala ya kupotelea dohani. Cha kwanza kikifika nyuzi 1,250 hadi 1,300 za Selsiasi, kuni zinahamia kwenye matundu ya ubavuni ya kinachofuata. Wanagenzi hukosea kwa kushindilia kuni wakitaka joto lipande: hewa hupungua, moshi huzidi, joto linagoma. Moshi huohuo ukipimwa vizuri ndio unaotakiwa, kwa kuwa huinyang'anya oksijeni oksidi ya chuma iliyomo kwenye glezi. Chuma kikiwa asilimia 1 hadi 3, glezi hutoka na rangi ya kijani kilichopauka.

Hiyo ndiyo zawadi iliyokwenda Uingereza. Iliyorudi Japani ni mkono.

Hamada alionyesha kazi zake London mwaka 1923, kisha akarejea kwao na baadaye akaweka makazi Mashiko, mji wa wafinyanzi. Leach naye, katika safari zake za baadaye Japani, aliwafundisha wafinyanzi wa Shimane, wakiwemo wa karakana ya Yumachi, kuvuta mkono wa jagi kama wavutavyo mafundi wa mashambani Uingereza.

Mkono haukatwi wala hausukumwi mezani. Chukua donge lenye umbo la karoti, lishike juu kwa mkono wa kushoto, lowesha wa kulia, kisha livute kwenda chini kwa dole gumba na vidole, kama anayekamua ng'ombe. Ligeuze kila baada ya mvuto ili pande zote zilingane. Ukibana mahali pamoja, litakatika hapo. Jagi lenyewe liwe limekauka nusu, linashikika bila kubonyea lakini bado la baridi. Kwaruza pa kugandisha, paka uji wa udongo, bandika ncha nene juu, acha mkono uning'inie upate mpindo wake, halafu gandamiza ncha ya chini kwa dole gumba. Funika kwa nailoni usiku kucha. Mkono mbichi ukibandikwa kwenye jagi lililokwisha kukauka husinyaa peke yake, na ufa huanzia kiungo cha juu, mara nyingi bila kuonekana mpaka jagi litoke jokoni.

Kwa hiyo mbele ya kabati la maonyesho, inama utazame mkono unapoishia: alama ya dole gumba mara nyingi bado ipo. Kitako nacho kina habari. Kazi za St Ives hupigwa muhuri wenye herufi SI. Hamada, baada ya kurudi Japani, aliacha kuweka alama kwenye vyombo vyake. Jina lake liliandikwa kwenye sanduku la mbao la kuhifadhia chombo, ndiyo maana wakati mwingine sanduku tupu huwekwa kando ya bakuli.