Tembo ni yuleyule, hela siyo ileile

Mwezi Mei 2025 tulikuwa Tukuyu kwenye kikao cha elimu ya fedha. Watu walipotawanyika, mzee mmoja alibaki na mjukuu wake. Akafungua kopo la maziwa ya unga, akatoa noti nne za elfu kumi, toleo la 2003, zimeviringishwa kwenye nailoni. Hakuna iliyochanika, na tembo yupo palepale. "Mwanangu, si hela ni hela?"

Nilisita kumjibu. Benki Kuu ya Tanzania ilitoa muda wa kuzibadilisha noti za matoleo ya 1985 hadi 2003, pamoja na ile ya shilingi 500 ya 2010, kuanzia Januari 6 hadi Aprili 5, 2025. Mzee alikuwa shambani, tangazo halikumfikia. Jumamosi ile ya mwisho zilikuwa elfu arobaini; Jumapili zikaamka karatasi.

Wengi hudhani nyuma ya kila noti kuna kipande cha dhahabu kimefungiwa mahali. Benki Kuu hununua dhahabu, ni kweli, lakini huwezi kwenda dirishani na noti yako ukapimiwa gramu. Hata dola ilitenganishwa na dhahabu Agosti 1971. Shilingi yetu, iliyoanza kutumika 1966, inasimama kwa sababu sheria inamtaka anayekudai aipokee, mamlaka ya kodi inaidai, na mchele wa Kyela na viazi vya Umalila vinauzwa kwa hiyo. Halafu kuna anayechunga wingi wake. Akizembea, bei hupanda na hela ileile hununua kidogo. Hapo hata sheria haisaidii sana. Majirani zetu wa Zambia, ng'ambo ya Tunduma, walifika mahali Januari 2013 wakafuta sifuri tatu: kwacha 1,000 ya zamani ikawa kwacha 1 mpya.

Mjukuu alikuwa anacheka kopo la babu. Yeye akiba yake iko kwenye simu, bitcoin kidogo, ile sarafu ya kidijitali. "Hii hakuna wa kuifuta, mwalimu."

Hajakosea kote. Bitcoin, iliyoanza Januari 2009, haina benki kuu, na kanuni za programu yake zinaweka kikomo cha bitcoin milioni 21. Ila uhaba peke yake haujawahi kuwa bei. Kigoda cha bibi yangu kiko kimoja tu duniani na hakuna anayekiulizia. Wengine husema thamani ya bitcoin inatokana na umeme mwingi unaoliwa na kompyuta za "wachimbaji", yaani wanaozalisha bitcoin mpya. Waulizeni wachimba dhahabu wa Chunya: ukichimba mwezi mzima ukatoka na udongo mtupu, nani atakulipa jasho?

Kinachoipa bei ni watu kuamini kwamba kesho kuna mwingine atakayeitaka. Novemba 2021 bitcoin moja ilikaribia dola 69,000. Mwaka mmoja baadaye ikawa chini ya 17,000. Kikomo kilikuwa kilekile milioni 21, programu ileile. Waliobadilika ni wanunuzi, kama vile tembo wa babu hakubadilika. Tofauti ni kwamba babu alipewa miezi mitatu ya kujipanga, na dirisha la kwenda. Aliyenunua kwa dola 69,000 hakuwa na dirisha la kulilia.

Hapa nchini, Novemba 2019 Benki Kuu ilitangaza kwamba sarafu hizi si fedha halali kwa malipo. Mwaka 2024 ikaja kodi ya zuio, ile inayokatwa kabla muuzaji hajalipwa, ya asilimia 3 kwenye mauzo ya mali za kidijitali, na vijana wengi wakaisoma kama ruhusa. Kutozwa kodi hakukufanyi kuwa shilingi. Ng'ombe naye anatozwa ushuru mnadani.

Nikamwomba kijana anunulie babu debe la viazi pale nje kwa bitcoin yake.

"Mpaka niigeuze shilingi kwanza, mwalimu."

Mzee alikuwa anarudisha noti zake koponi, moja moja. "Na siku ukimkosa wa kukugeuzia, mjukuu wangu?"