Vinundu kwenye mizizi ya kunde si ugonjwa

Wanaolima kunde kwenye bustani za Kigamboni na Mbagala husema hivi: mche uking'olewa ukakutwa na vinundu mizizini, umeugua, uchomwe. Inaniuma, maana wanachoma mbolea yao wenyewe.

Chukua kinundu kimoja, kipasue kwa ukucha. Ndani kikiwa na rangi ya waridi, kiko kazini: bakteria waliomo wanageuza naitrojeni ya hewani kuwa chakula cha mmea, nao mmea unawalipa kwa sukari. Martinus Beijerinck wa Uholanzi aliwatenga bakteria hao mwaka 1888. Udongo ukikauka sana, kazi hiyo hupungua, kwa hiyo matandazo ya nyasi yanasaidia. Urea nyingi nayo huufanya mmea usihangaike kuunda vinundu.

Hofu hiyo ina chanzo, nakiri. Minyoo fundo, yaani minyoo wadogo wa udongoni, kweli huvimbisha mizizi, na mimea ya nyanya huwajua sana. Lakini uvimbe wa minyoo ni mzizi wenyewe ulionenepa, haubanduki. Kinundu cha bakteria kimeshikilia ubavuni mwa mzizi. Ukikisugua kwa kidole, kinatoka.

Baada ya kuvuna, kata shina, mizizi iache ioze humo humo shambani.