Kwaya Ndiyo Iliyokuweka Besi

Jumamosi iliyopita kaka mmoja alifika kwenye darasa langu la uimbaji Sinza, na kabla hajaweka begi chini akasema, "Shikamoo mwalimu. Nikutahadharishe mapema, mimi ni besi. Noti za juu Mungu hakunijalia." Nikamuuliza nani kamwambia. "Kwaya."

Basi nimechoka, naandika.

Kwenye kwaya zetu mtu hupangiwa sauti siku ya kwanza, dakika mbili, mbele ya watu. Ukiongea kwa sauti nzito unapelekwa nyuma kwa mabesi. Au mabesi wamebaki wawili na tamasha ni mwezi ujao. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo nikiongoza kwaya, siwezi kujitoa. Lakini ule ni mgawanyo wa kazi tu. Wanaume wengi ni baritoni, sauti iliyo kati ya besi na tena (ile ya juu ya kiume), na kwaya ya sauti nne haina kiti cha baritoni: anasukumwa kwa matena akakaze koo, au kwa mabesi akasinzie. Aina ya sauti haipimwi kwa noti ya chini kabisa unayoweza kuikoroma asubuhi. Tunasikiliza rangi yake, inapotulia bila kuchoka, na inapogeuka ikipanda. Kwa mwanamume mgeuko huo huwa jirani na C ya kati, ile ya katikati ya kinanda; kwa mabesi mapema kidogo, kwa matena juu zaidi.

Juu ya mgeuko kuna ile nyembamba tunayoiita sauti ya kichwa, na ya chini tunaiita ya kifua. Sauti ya kichwa haitoki kichwani. Mwaka 1854 mwalimu wa uimbaji Manuel García alitumia kioo kidogo cha daktari wa meno na mwanga wa jua, akaona koo lake mwenyewe likifanya kazi. Kifua au kichwa, nyuzi za sauti ni zilezile mbili, ndani ya zoloto, kile kisanduku cha sauti kooni. Chini zinakuwa nene na fupi. Ukipanda lazima zivutwe, ziwe ndefu na nyembamba. Kwenye A ya juu ya C ya kati zinatetema mara 440 kwa sekunde. Jaribu kuzipandisha zikiwa nene, utaishia kuwa kondakta wa Mbagala saa mbili usiku.

Kaka yetu alipofika noti ya E juu ya C ya kati, kidevu kiliinuka, mshipa wa shingo ukatoka, sauti ikapasuka. "Si umeona?" akaniambia. Niliona, ndiyo. Niliona kidevu. Nikampa "ng'", ile ya ng'ombe, kwa sauti ndogo, aanzie juu ashuke. Kuna Wazungu wanalipia masomo wafundishwe kuanza na ng', sisi tumezaliwa nayo. Akaigusa ile A bila kukaza, nyembamba kama mtoto anayelia chumba cha pili. Akanyamaza, akatazama mlango. "Mwalimu, hii si ya kike?"

Hapo ndipo damu hunichemka. Watu hawahawa wanaimba Papa Wemba harusini mwanzo mpaka mwisho, na hakuna anayeuliza ile sauti ya juu ni ya nani. Halafu wanaisikia yao siku ya kwanza, dhaifu, wanaitupa. Misuli ambayo hujaitumia miaka 20 ulitaka ianze na nguvu?

Sauti hiyo ya juu ikiwa na hewa nyingi, yaani nyuzi hazikutani vizuri, wengi wetu tunaiita falseto. Zikikutana ikapata kiini, sauti ya kichwa. Vitabuni mpaka huo umenyooka. Darasani kwangu, wiki hii naiita falseto, wiki ijayo koo lilelile naliita kichwa, na sina hakika ni lini ilivuka. Ninawaambia pia "peleka sauti nyuma ya macho" nikijua fika ni uongo. Unafanya kazi, basi nauacha.

Mazoezi: dakika kumi kila siku, taratibu, ukishuka kutoka juu kupita mgeuko bila kuongeza nguvu. Pulizia sauti kwenye mrija wa soda ndani ya glasi ya maji. Ikiuma, acha. Asali na tangawizi kunywa ukipenda, lakini ukimeza havipiti kwenye nyuzi. Vikipita utakohoa mpaka machozi.

Kijana mmoja nilimwita besi miaka miwili. Leo yuko kwa matena, na hajanisamehe. Kwa hiyo huyu wa Jumamosi sijampa jina lolote. Aliniuliza akamwambie nini mwalimu wake wa kwaya. Nikamwambia akae kwa mabesi mpaka tamasha lipite. Wapo wawili tu.