Mstari mweusi si bodi

Hii ni redio ya tatu mwezi huu kuletwa mezani kwangu hapa Gerezani, Dar es Salaam, ikiwa bubu. Ya leo ni mpya, ilifungwa kwenye Peugeot 504 ya mzee mmoja anayelitunza gari lake kuliko wengi wanavyotunza nyumba. "Mwanangu, nimeuziwa feki," akaniambia mara tu baada ya kuitikia shikamoo yangu. Nikaenda nyuma ya gari kuangalia spika. Kila moja ilipokea waya mmoja kutoka kwenye redio. Upande wa pili ulikazwa kwa skrubu kwenye bati. Mbele, fundi aliyefunga alikusanya nyaya zote nne zenye mstari mweusi, akazisokota pamoja, akazibana bodi, yaani kwenye bati la gari ambalo limeungwa na hasi ya betri. Mzee alipomuuliza, alijibiwa kuwa hasi ni hasi.

Jamani, hapana!

Redio ya zamani ilikuwa na amplifaya (kikuza sauti) moja kwa kila spika. Nyingi ziliwekewa kapasita kubwa njiani: inazuia umeme wa betri, inapitisha muziki, nao muziki unarudi kupitia bodi. Waya mmoja ulitosha kabisa. Kwa betri ya gari, mpango huo unatoa wati 5 au 6 kwenye spika ya omu 4, basi.

Redio ya sasa ina amplifaya mbili kwa kila spika, moja kila upande. Hii ikisukuma, ile inavuta. Spika inapata volti maradufu, na nguvu inafika wati 20 hivi. (Ile 50x4, yaani wati 50 kwa spika nne, iliyoandikwa usoni mwa redio isikushughulishe, hupimwa sauti ikiwa imeshapasuka.) Kwa hiyo hapo hakuna hasi. Waya wenye mstari uko hai sawa na mwenzake. Washa redio, shusha sauti mpaka sifuri, weka mita kwenye volti za DC, pima kati ya waya huo na bodi: utaona volti 6 hivi. Pima kati ya nyaya mbili za spika hiyo hiyo: karibu sifuri. Mstari ule unakuonyesha tu spika isukume mbele au ivute nyuma, ili zote ziende pamoja. Ukiubana bodi, umepiga shoti amplifaya nzima.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba mara nyingi haiungui palepale. Aisii za sasa, zile chipu zenye amplifaya ndani, zina ulinzi: zikihisi shoti zinajizima, zikipoa zinajaribu tena. Mwenye gari anasikia sauti inakatika, anaambiwa betri imechoka, ananunua betri. Haikusaidia? Ananunua redio nyingine, nayo inafungwa vilevile. Mzee wangu alikuwa ameshafika redio ya pili, kwa pesa yake ya pensheni.

Kuna wanaotaka kinyume: redio ya zamani ibaki dashibodini, amplifaya ya kisasa na sabufa vifichwe nyuma. Nawaunga mkono kwa moyo wote. Redio ya Becker iliyomo kwenye Mercedes W123 ya zamani haistahili kung'olewa. Lakini waya wa spika usiuchomeke moja kwa moja kwenye matundu ya RCA, yale ya amplifaya ya kupokelea sauti yenye volti ndogo; volti za waya huo ni kubwa mno kwa hapo. Tumia pini za kupokea spika kama amplifaya inazo, au kibadilishi chenye transfoma cha kushusha volti hizo. Fyuzi iwe karibu na betri. Na mwenye Land Rover ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960, angalia kwanza betri imefungwaje: nyingi zilitoka kiwandani chanya ikiwa ndiyo bodi, na chochote cha kisasa ukikifunga humo bila kugeuza kinakufa.

Mlio wa altaneta, ile mashine inayochaji betri, ukisikika kwenye spika ndio unaoninyima usingizi. Vitabu vinasema funga nyaya zote za bodi sehemu moja. Nafanya hivyo, na mara nyingi unaisha. Ila nimeshawahi kuumaliza kwa kuhamisha bolti sentimita chache tu, na gari lililofuata mbinu ile ile haikufua dafu.

Redio ya mzee nimeibadilishia aisii, inaimba mezani. Kesho tunapitisha nyaya mbili mbili chini ya kapeti mpaka kwenye spika. Ameniomba nisitoboe tundu jipya hata moja kwenye bati, na sitatoboa.