“Hakuna Kompyuta Iliyotumika”: Dhana Potofu Kuhusu Madoido ya Filamu

Karibu kila mwaka hutoka filamu kubwa inayonadiwa kwa maneno yaleyale: kila unachokiona ni halisi, kompyuta haikugusa kitu. Watazamaji hushangilia, na mitandaoni watu huanza tena kulia kwamba kompyuta imeua sinema. Tuanze na dhana hiyo, kwa kuwa nyingine nyingi zimezaliwa nayo.

“Filamu nzuri hupigwa kwa vitu halisi, kompyuta ni ya filamu mbovu.”

*Top Gun: Maverick* ya 2022 ilitangazwa kwa sifa kwamba waigizaji walipandishwa kweli kwenye ndege za kivita. Walipandishwa, hilo halina ubishi. Kisichosemwa sana ni kwamba filamu hiyo ina shoti (vipande vya picha visivyokatwa) zipatazo 2,400 zilizopita mikononi mwa mafundi wa madoido, yaani watu wanaobuni au kubadilisha kinachoonekana kwenye picha, na iliteuliwa kuwania Oscar ya kazi hiyohiyo. Chukua ndege za adui. Angani iliruka ndege ya kivita halisi, F/A-18, ikiwa na rubani ndani, kisha mafundi wakaivisha umbo la ndege nyingine kabisa. Ile halisi iliwapa mwendo, mwanga wa jua mgongoni na mtikisiko wa kamera, yaani mambo ambayo ni magumu mno kuyabuni ukiwa umekaa mezani.

*Mad Max: Fury Road* ya 2015 nayo husifiwa kwa magari yake yaliyogongana kweli jangwani Namibia. Sifa hiyo ni stahiki, lakini mkono wa kushoto wa Charlize Theron, anayeigiza mhusika aliyepoteza mkono, ulifutwa shoti baada ya shoti, na ule usiku wa buluu unaoupenda ulipigwa jua likiwa linawaka.

Ukienda nyuma hadi *Jurassic Park* ya 1993, filamu inayotajwa kila mara kama mwanzo wa zama za kompyuta, utakuta dinosaria wanaonekana kwa kama dakika 15 tu. Kati ya hizo, zilizotengenezwa kwa kompyuta ni kama 6. Zilizobaki ni mashine za fundi wa madoido Stan Winston na wenzake, zenye mota, majimaji na ngozi ya mpira, zilizokuwa zikinguruma mbele ya waigizaji. Kuuliza kama kitu ni halisi au ni cha kompyuta hakutufikishi mbali, kwa sababu jibu karibu kila mara ni vyote viwili, na kazi yenyewe iko pale vinapounganishwa.

Tena kuna madoido ambayo hukuyashuku hata kidogo. Ile nyumba ya kifahari katika *Parasite* ya 2019 haipo mahali popote. Ghorofa ya chini na bustani vilijengwa kwa ajili ya kupigia picha, na ghorofa ya juu ikaongezwa kwa kompyuta. Katika *Forrest Gump* ya 1994, Gary Sinise, anayeigiza mwanajeshi aliyepoteza miguu, alivaa soksi ndefu za buluu ili miguu yake ifutwe baadaye. Anayesema “mimi madoido ya kompyuta huyatambua mara moja” anahesabu yale yaliyoshindwa tu. Yaliyofaulu yalimpita na hana habari.

“Weka kitambaa cha kijani, kompyuta itatoa mandharinyuma yenyewe.”

Mwigizaji hupigwa picha mbele ya kitambaa cha rangi moja, kisha rangi hiyo huondolewa na mandhari nyingine kuwekwa mahali pake. Kijani kilichaguliwa kwa sababu ngozi ya binadamu haina kijani kingi, na kwa sababu vihisi vingi vya kamera za kidijitali vina pikseli (nukta za kunasa mwanga) za kijani maradufu ya nyekundu au za buluu. Zama za mkanda wa seluloidi iliyotawala ilikuwa buluu. Larry Butler alishinda Oscar kwa mbinu hiyo katika *The Thief of Bagdad* ya 1940. Kwa hiyo hakuna muujiza wowote kwenye rangi, na kitambaa chenyewe huja na matatizo yake. Mwanga wake humrukia mwigizaji shavuni na kwenye ncha za nywele. Moshi, glasi na vazi jepesi huchanganyika nacho. Mara nyingi fundi huishia kuchora mstari kumzunguka mwigizaji kwa mkono, fremu baada ya fremu, yaani picha moja moja zinazounda filamu. Kazi hiyo huitwa rotoskopi, na kwa maoni yangu hakuna kazi inayodharauliwa zaidi katika fani nzima.

Wapo wanaokiepuka kitambaa kabisa. *Ex Machina*, iliyoshinda Oscar ya madoido mwaka 2016 mbele ya filamu zenye bajeti kubwa kuliko yake mara nyingi, haikutumia skrini ya kijani. Alicia Vikander, aliyekuwa roboti katika filamu hiyo, aliigiza kwenye seti ya kawaida akiwa na vazi maalumu. Baada ya hapo chumba kilipigwa tena kikiwa kitupu, ili sehemu za mwili wake zitakapofutwa pawe na ukuta halisi wa kuonekana nyuma yake.

“Ni kubonyeza tu, kompyuta inamaliza.”

Hili ndilo linalowaudhi mafundi kuliko yote, na wana haki.

Tuseme jitu linatakiwa kuvuka barabara. Siku ya kupiga picha barabara ni tupu, lakini msimamizi wa madoido yupo pale. Anapima eneo kwa leza, anaandika lenzi iliyotumika na urefu wa kamera kutoka chini. Kisha anainua mbele ya kamera tufe mbili, moja ya kijivu na nyingine inayong'aa kama kioo. Ile ya kijivu inaonyesha ukali wa mwanga na upande kivuli kinakolala. Ile ya kioo inaakisi mazingira yote, hata taa zilizo nyuma ya kamera. Bila taarifa hizo jitu litaonekana limebandikwa.

Studioni, mtu wa kwanza hukokotoa upya mwendo wa kamera ili kamera ya kompyuta itembee sawasawa na ile ya barabarani. Mwingine huchonga umbo, mwingine huchora ngozi na makovu, mwingine hutia mifupa na misuli ndani ili liweze kupinda goti. Mchoraji wa mwendo hulipa uzito, na hapo ndipo kazi nyingi huharibika, kwa sababu kitu cha tani 20 hakigeuki kwa wepesi wa paka. Vumbi linalotimuka lina mtaalamu wake, na mwanga vilevile. Mwishowe mtu mmoja hukusanya tabaka zote, pengine kadhaa wa kadhaa, akazilinganisha na picha ya barabarani hadi kwenye chengachenga za kamera na ukungu wa lenzi.

Halafu ndipo kompyuta hupewa zamu yake ya kukokotoa picha ya mwisho. Filamu huenda kwa fremu 24 kwa sekunde. Shoti ya sekunde 10 ina fremu 240. Fremu moja ikichukua saa 10, jambo ambalo si la ajabu kwa picha nzito, kompyuta moja ingehitaji siku 100. Ndiyo maana studio huwa na kompyuta maelfu zinazofanya kazi usiku kucha. Asubuhi msimamizi anatazama matokeo, anasema kivuli cha mguu hakigusi lami, na shoti inarudi kuanza.

“Yule kiumbe ni mwigizaji aliyevaa suti yenye vidoti vya kunasia mwendo wake.”

Nusu kweli. Uigizaji wa Andy Serkis ndio roho ya Gollum, kiumbe wa *The Lord of the Rings*, lakini katika filamu ya 2002 uso wa Gollum ulihuishwa kwa mkono na wachoraji waliokuwa wakitazama video za Serkis. Hata baada ya kamera ndogo za kichwani kuanza kunasa uso moja kwa moja, kama ilivyokuwa kwa *Avatar* ya 2009, data hiyo bado husafishwa na kurekebishwa na watu. Uso wa kiumbe hauna maumbile ya uso wa mwigizaji, hivyo tabasamu haliwezi kuhamishwa jinsi lilivyo.

“Madoido mabovu ni uvivu wa mafundi, au pesa zilikuwa chache.”

Kampuni za madoido kwa kawaida huomba kazi kwa bei iliyokubaliwa mapema. Mwongozaji akibadilisha mawazo mara tano, au mwisho wa filamu ukiandikwa upya miezi miwili kabla ya kutoka, mara nyingi hasara huwa ya kampuni na usiku wa kukesha ni wa mafundi. Rhythm & Hues, waliotengeneza chui milia wa *Life of Pi*, waliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya kufilisika Februari 2013. Chini ya wiki mbili baadaye kazi hiyo ikashinda Oscar. Mpokeaji alipoanza kuizungumzia hali ya kampuni jukwaani, muziki ulipigwa na kipaza sauti kikazimwa, huku nje ya ukumbi mamia ya wenzake wakiandamana.

Pesa peke yake haielezi kitu. *Godzilla Minus One* ya 2023 ilikuwa na shoti 610 za madoido zilizotengenezwa na wasanii 35, idadi ambayo katika filamu kubwa za Marekani ingetosha idara moja tu. Iliwashinda wote kwenye Oscar za 2024. Mwongozaji wake, Takashi Yamazaki, ndiye pia aliyekuwa msimamizi wa madoido, kwa hiyo fundi aliyetaka kujua kama wimbi limekaa sawa alimuuliza mwenye filamu mwenyewe, akajibiwa hapohapo, akaendelea na shoti inayofuata.